Maswali ya Wasomaji: Diego Godín na Kazi ya Beki wa Kati

Toleo lililopita tulimtaja Diego Godín, nahodha wa zamani wa Uruguay aliyecheza Ulaya kuanzia 2007 hadi mwanzoni mwa 2022, katika Villarreal, Atlético Madrid, Inter na Cagliari. Barua zilizofuata zinaonyesha kuwa wasomaji wetu wanamfahamu na wanataka kwenda ndani zaidi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa mtu uwanjani, ofisini mwa klabu au nyumbani.

Shikamoo mhariri. Ninafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Beki wangu wa kati anawazidi wote kimo, lakini msimu mzima hajafunga goli hata moja la kona. Godín hakuwa jitu, mbona alifunga hadi fainali ya Ulaya? Kijana wangu anakosea wapi? (Mwalimu, Mbeya)

Marahaba, mwalimu. Godín ana mita 1.85 hivi, na katika ligi ya Hispania mabeki waliomzidi kimo walikuwa tele. Silaha yake ilikuwa kuchelewa. Tunadhani kijana wako anafanya kinyume: kona haijapigwa, yeye ameshajipanga ndani ya boksi dogo, anayemkaba amemwegemea mgongoni na jezi imeshikwa. Akiwa pale hana mbio. Ataruka wima kwa miguu miwili, na mtu mfupi aliyekuja kwa kasi atamfikia au kumzidi.

Itazame tena kona ya Camp Nou, uwanja wa Barcelona, ya tarehe 17 Mei 2014. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, na Atlético walihitaji sare tu ili wawe mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1996. Diego Costa na Arda Turan walikuwa wameumia na kutoka kabla ya nusu saa, na Alexis Sánchez alikuwa ameshaifungia Barcelona. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Gabi akapiga kona, Godín akaja na mbio zake, akapaa, akatia kichwa. Ikawa 1-1, na ubingwa ukaenda Madrid upande wa Atlético.

Mpange kijana aanzie nyuma kidogo ya nukta ya penalti, yaani zaidi ya mita 11 kutoka golini. Anayemkaba akimfuata huko, atalazimika kutazama mpira na mtu kwa wakati mmoja, na hawezi. Kijana apige hatua moja au mbili za kudanganya kuelekea mlingoti wa mbali, kisha abadili. Mbio zenyewe zianze pale mpigaji anapokanyaga mguu wa kusimamia, si kabla; hatua nne au tano zinatosha. Aruke kwa mguu mmoja, goti la pili likipanda, mikono ikimpa mizani lakini viwiko visifike usoni mwa mtu, maana hiyo ni kadi. Macho wazi, shingo ikazwe, mpira uguse paji la uso. Aulenge chini, udunde karibu na mstari wa goli. Mpira unaofika usawa wa kifua kipa anaudaka. Unaodunda miguuni humtesa.

Akifika mapema, mpira utampita juu ya kichwa na wewe utamlaumu mpigaji. Lakini mara nyingi mpigaji naye ana makosa yake. Kona ambayo kila mara inaangukia sehemu tofauti haiwezi kupangiwa mbio. Chagua mpigaji mmoja kwa kila upande, umpe shabaha moja: mpira upite juu ya mtu wa kwanza aliye karibu na mlingoti wa kwanza, ushuke kati ya boksi dogo na nukta ya penalti. Anyanyue mkono, ahesabu moja mbili, apige.

Halafu kuna goli la pili la Godín la wiki ile, tarehe 24 Mei, fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Lisbon dhidi ya Real Madrid. Kona ilikuwa imeshaondolewa. Juanfran akaurudisha mpira ndani kwa kichwa, Casillas akatoka golini kwa hesabu mbaya, na Godín, ambaye hakuwa amekimbilia nyuma, akaupitisha juu yake dakika ya 36. Kwa hiyo mfundishe kijana asigeuke mara mpira unapookolewa. Abaki mpaka uwe umetoka kabisa nje ya boksi. Ili jambo hilo liwe salama, mabeki wa pembeni wawili wabaki katikati ya uwanja, tena wale wenye kasi.

Usimpigishe vichwa kutwa. Nchini Uingereza, tangu 2021, mwongozo kwa wachezaji wa kulipwa ni vichwa vya nguvu visivyozidi kumi kwa wiki nzima ya mazoezi, na watoto wa shule ya msingi hawapigi kichwa mazoezini kabisa. Kwa vijana wako vitatu au vinne kwa wiki vinatosha. Mbio na kuruka zifanyiwe mazoezi bila mpira, au mpira urushwe kwa mkono kutoka karibu. Na ukague upepo wa mipira: mpira uliojazwa kupita kiasi, au uliolowa matope, ni mzito kichwani mwa mtoto.

Ni kweli alianza kama mshambuliaji? Na kwa nini alipitia Villarreal badala ya kwenda moja kwa moja klabu kubwa? (Msomaji, Mombasa)

Kweli, utotoni alikuwa akicheza mbele. Alizaliwa 1986 katika mji wa Rosario, ule wa Uruguay si ule wa Argentina, akaenda Montevideo kwenye timu ya vijana ya Defensor Sporting, na huko hawakumbakiza. Cerro, klabu ya mtaa wa wafanyakazi, ndiyo iliyomchukua, na huko akapanda timu ya wakubwa mwaka 2003. Ukiangalia anavyosoma krosi utaona faida ya kuwahi kucheza mbele: anajua mshambuliaji anataka mpira uangukie wapi.

Kutoka Cerro akaenda Nacional 2006, akakaa mwaka mmoja. Agosti 2007, akiwa na miaka 21, akasajiliwa Villarreal. Hapa ndipo tunapotaka vijana watazame kwa makini. Villarreal ni mji mdogo, lakini timu ya kocha Manuel Pellegrini ilimaliza msimu wa 2007/08 nafasi ya pili kwenye ligi, na msimu uliofuata ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kijana alipata mechi nyingi, katika lugha yake mwenyewe, kwenye timu inayocheza mpira wa chini, bila mashabiki elfu sabini wa kumzomea kwa kila kosa. Beki wa kati hujifunza kwa makosa ya mechi za ushindani. Akiyafanya akiwa klabu kubwa anakaa benchi, na akikaa benchi misimu miwili, jicho la kusoma mchezo halikui. Godín alipotua Atlético 2010, kwa ada iliyotajwa kuwa takriban yuro milioni 8, alikuwa na misimu mitatu kamili ya Hispania mgongoni. Ndiyo maana alikaa miaka tisa na kucheza mechi 389.

Lile goli dhidi ya Italia Kombe la Dunia 2014, lilikuwa la kichwa? Tumebishana kijiweni. (Msomaji, Tanga)

Aliruka kupiga kichwa, lakini mpira ulimgonga mgongoni karibu na bega. Ilikuwa kona, dakika ya 81, mjini Natal, tarehe 24 Juni, muda mfupi tu baada ya Luis Suárez kumng'ata Giorgio Chiellini. Uruguay ikashinda 1-0 na Italia ikaaga mashindano.

Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ndogo ya daraja la chini. Tunasikia klabu za Uruguay zinaishi kwa kuuza wachezaji Ulaya. Je, zile zilizomlea Godín zililipwa kila alipohama? (Katibu, Morogoro)

Hapana, na sababu zake ni somo kwako. Yapo malipo ya aina mbili yanayochanganywa na watu.

Ya kwanza ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 hubeba asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu wa 16 hadi 23 hubeba asilimia 0.5. Chukua mfano wa ada ya yuro milioni 8 kutoka nchi moja kwenda nyingine. Klabu iliyomlea mchezaji akiwa na miaka 16, 17 na 18 inadai asilimia 1.5, yaani yuro 120,000. Iliyomlea misimu yote minne ya utotoni, 12 hadi 15, inadai yuro 80,000. Hizo ni pesa za kujenga uwanja wa mazoezi.

Sasa rudi kwa Godín. Safari ya 2007 kutoka Nacional kwenda Villarreal ilivuka mpaka, kwa hiyo kanuni iliihusu. Ya 2010 ilikuwa kati ya klabu mbili za Hispania, na wakati ule mauzo ya ndani ya nchi hayakuhesabiwa; kanuni ilipanuliwa Julai 2020, na sasa hata mauzo ya ndani huhesabiwa ikiwa klabu iliyomlea mchezaji iko nchi nyingine. Mwaka 2019 alikwenda Inter mkataba wake ukiwa umekwisha. Hapakuwa na ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana ukisikia mchezaji uliyemlea yuko mwaka wa mwisho wa mkataba huko ng'ambo, ujue fungu lako linayeyuka.

Ya pili ni fidia ya malezi. Hiyo hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na anapohama nchi akiwa mchezaji wa kulipwa kabla msimu wa miaka yake 23 haujaisha. Haitegemei ada. Hukokotolewa kwa daraja la klabu mpya: kwa klabu ya Ulaya ya daraja la juu kabisa ni yuro 90,000 kwa kila mwaka wa malezi wa kuanzia umri wa 16 hadi 21, na kwa ya daraja la nne ni yuro 10,000.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi ya malipo ya FIFA iliyoko Paris. Mfumo wenyewe hutengeneza pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa tangu utotoni, kutokana na kumbukumbu za mashirikisho, na hapo ndipo klabu za kwetu hupotezea haki. Mtoto amecheza misimu mitatu bila kusajiliwa, kwa hiyo kwenye mfumo hayupo. Au jina la cheti cha kuzaliwa si lile la pasipoti ya kusafiria, na tarehe ya kuzaliwa nayo ni nyingine. Au akaunti ya benki ni ya mwenyekiti aliyekwisha kuondoka madarakani, na ofisi ya malipo haiwezi kupitisha pesa za klabu kwa mtu binafsi. Msajili kila mtoto kwenye mfumo wa shirikisho tangu anapotimiza miaka 12, uandike tarehe ya kuanza na ya kumaliza, utunze nakala ya fomu kwenye jalada la klabu, na akaunti iwe kwa jina la klabu. Pasipoti ikishafunguliwa kwa ukaguzi, siku za kutoa maoni ni chache, kwa hiyo anwani ya barua pepe mliyoiandikisha isomwe kila siku.

Mbona Waamerika Kusini wamejaa Hispania kuliko Waafrika? Ni suala la pasipoti? (Msomaji, Goma)

Kwa sehemu, lakini si kama wengi wanavyodhani. Klabu ya ligi kuu ya Hispania haiwezi kuwa na zaidi ya wachezaji watatu wasio raia wa Umoja wa Ulaya katika kikosi cha mechi moja. Mruguay anapofika hula nafasi moja kati ya hizo. Lakini raia wa nchi iliyokuwa koloni la Hispania huko Amerika anaweza kuomba uraia baada ya kuishi kihalali miaka 2, wakati wageni wengine wengi husubiri 10. Akishaupata, nafasi inafunguka kwa mwingine. Wapo pia wenye babu Mtaliano, ingawa tangu 2025 Italia imebana mlango huo usipite kizazi cha babu na bibi.

Jambo lisilosemwa sana ni hili: kwa miaka mingi wachezaji wa nchi za Afrika zilizotia saini Makubaliano ya Cotonou na Umoja wa Ulaya, zikiwemo Kongo, Tanzania na Kenya, hawakuhesabiwa kabisa kwenye zile nafasi tatu. Kwa hiyo kikwazo kikubwa cha Mwafrika huko hakikuwa idadi. Kilikuwa ukosefu wa watu wa kumtazama akicheza, na ukosefu wa video kamili za mechi. Lugha nayo ina uzito: beki wa kati hupanga wenzake kwa mdomo dakika zote tisini, na klabu husita kumpa nafasi hiyo mtu asiyeweza kusema "panda", "shuka", "mtu nyuma yako" kwa Kihispania.

Uruguay ina watu takriban milioni tatu na nusu. Imewezaje kuwa na ukuta mgumu hivyo miaka yote ile? (Msomaji, Bujumbura)

Jibu moja ni upacha. Beki José María Giménez alitoka Danubio ya Uruguay kwenda Atlético 2013, akamkuta Godín. Kuanzia hapo wawili hao walifanya mazoezi pamoja klabuni, na wakivaa jezi ya taifa hawakuhitaji kufahamiana upya. Timu nyingi za taifa hupata siku tatu au nne za mazoezi kabla ya mechi, nazo hazitoshi kuwafundisha mabeki wawili nani atoke na nani afunike.

Utaratibu wao ulikuwa wazi. Giménez, mwenye damu ya moto na kasi zaidi, alitoka kumfuata mshambuliaji anayeshuka kupokea mpira. Godín alirudi hatua mbili au tatu nyuma yake kwa mshazari, akiufunika mwanya. Mpira ukipita, Godín alikuwa ameshafika. Kwenye Kombe la Dunia 2018 Uruguay walipita kundi lenye Misri, Saudi Arabia na Urusi bila kufungwa goli hata moja, wakaja kutolewa na Ufaransa robo fainali kwa 2-0, siku ambayo Edinson Cavani hakucheza kwa sababu ya maumivu.

Óscar Tabárez aliyeifundisha timu hiyo kuanzia 2006 hadi 2021 hakuwa na haraka ya kubadili mabeki, na hilo tunaliheshimu sana. Godín alimaliza na mechi 161 za taifa na Kombe la Dunia mara nne. Zingatia pia safari: kufuzu kwa Amerika Kusini ni mechi 18, na kutoka Madrid hadi Montevideo ni saa kama 12 angani, wakati mwingine kisha La Paz, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Mwili unaoyabeba hayo miaka 17 umetunzwa.

Niliona alifunga akiwa ameumia. Ilikuwa mechi gani? (Msomaji, Kigoma)

Ni Atlético dhidi ya Athletic Bilbao, Novemba 2018. Alipata maumivu ya misuli wakati nafasi za kubadili wachezaji zimekwisha, hivyo kocha Diego Simeone akampeleka mbele asimame tu, awashughulishe mabeki. Dakika za nyongeza akausukuma mpira wavuni, bendera ya kuotea ikainuliwa, VAR, yaani waamuzi wa video, ikalihalalisha. Ikawa 3-2. Hatumshauri yeyote amwige: msuli uliochanika kidogo ukilazimishwa hugeuka jeraha la miezi. Siku hizi kuna nafasi tano za kubadili, na kocha hana sababu ya kumwacha mtu wa hivyo uwanjani.

Alipokwenda Inter alionekana mzee ghafla. Umri, au kuna jingine? (Msomaji, Nairobi)

Umri ulikuwepo, miaka 33, lakini kilichomsumbua zaidi ni ramani. Atlético walilinda kwa 4-4-2, mistari miwili iliyobanana. Kiungo alikuwa hatua chache mbele yake na beki wa pembeni hatua chache kando. Godín alisimama katikati upande wa kushoto, kazi yake ikiwa kulinda boksi, na humo hakuwa na mpinzani: msimu wa 2015/16 Atlético walifungwa magoli 18 tu katika mechi 38.

Antonio Conte, kocha wa Inter, alicheza na mabeki watatu wa kati, akamweka Godín kulia. Beki wa nje katika mfumo huo hutoka hadi karibu na mstari wa pembeni kila winga wake anapopanda, hupambana na mtu mwenye kasi kwenye uwanja mpana, na timu ikiwa na mpira hutakiwa kupanda nao hadi nusu ya wapinzani. Alitolewa kwenye eneo alilolijua na kupewa mita ishirini za kukimbia. Miezi ya mwanzo alichelewa kutoka, au alitoka akaacha mwanya nyuma yake.

Wengi walioacha kumtazama mapema hawakuona mwisho wa msimu. Ligi iliporejea baada ya kusimama kwa ajili ya korona, alikuwa amejifunza kutotoka mpaka kiungo wa kulia awe ameshamchelewesha mwenye mpira. Akaishika nafasi, Inter ikamaliza pointi moja nyuma ya Juventus, na katika fainali ya Ligi ya Europa mjini Cologne dhidi ya Sevilla alifunga kwa kichwa, ingawa walilala 3-2. Baada ya hapo akaenda Cagliari, klabu yenye historia ndefu ya Waruguay tangu siku za Enzo Francescoli, kisha Atlético Mineiro ya Brazil na Vélez Sarsfield ya Argentina, alikostaafu 2023.

Mwanangu ana miaka 16, ni beki mzuri. Kuna mtu anasema atampeleka klabu ya Ulaya, anataka tulipie nauli na "gharama za usajili" mapema. Tufanyeje? (Mama, Dar es Salaam)

Mama, msilipe. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, mfano wazazi wamehamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Kanuni ya miaka 16 ni kwa wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya, si kwa anayetoka Dar es Salaam. Mtu anayekuahidi usajili wa mtoto wa miaka 16 huko ama hajui kazi yake ama anakudanganya.

Mwombe vitu hivi kwa maandishi: namba yake ya leseni ya uwakala, uitafute kwenye orodha ya FIFA iliyo wazi mtandaoni, na barua ya mwaliko kutoka klabu yenyewe, yenye anwani ya barua pepe ya klabu, tarehe, na jina la anayehusika na vijana. Usitumie namba za simu alizokupa yeye. Zitafute kwenye tovuti rasmi ya klabu, upige mwenyewe. Pasipoti na vyeti vya mtoto vikae nyumbani, toa nakala tu. Halafu mkaulize shirikisho kama kuna maombi yoyote yenye jina la mwanao.

Miaka miwili hii iliyobaki asajiliwe vizuri hapa, acheze mechi za ushindani kila wiki, na mtu arekodi mechi nzima, si vipande vya magoli, maana beki hutazamwa anaposimama wakati mpira uko upande mwingine. Aanze pia kujifunza Kihispania, Kifaransa au Kireno.